Mdomo Ukinuka, Tazama Ulimi Kwanza

Anayenuka mdomo ndiye wa mwisho kujua. Pua yake imeshaizoea harufu ile, na walio karibu naye hawasemi. Mke anageukia ukutani. Abiria wa bodaboda anatazama pembeni kila dereva anapogeuza kichwa kumsemesha. Mwanafunzi anavuta pumzi na kuibana mwalimu anapoinama kusahihisha daftari. Mwenyewe anaona tu kwamba watu wanarudi nyuma hatua moja akizungumza nao. Siku atakapotambua sababu, ataanza kuongea ameziba mdomo kwa kiganja, na wengine huacha kuongea kabisa.

Kurui, kata ya Wilaya ya Kisarawe mkoani Pwani, ni mahali ambapo watu wanaishi kwa kukaribiana. Msibani wanakaa mkekani bega kwa bega. Msimu wa korosho wanaokota na kubangua pamoja. Kwenda mjini Kisarawe au kuvuka upande wa Kibaha, wanapakiana pikipiki. Katika maisha ya namna hiyo harufu ya kinywa haina pa kujificha, lakini hakuna anayeitaja mbele ya mwenyewe. Inasemwa kwa jina la utani, nyuma ya mgongo, na kicheko juu yake.

Na sababu inapotafutwa, linatajwa tumbo. "Tumbo lake chafu." "Ana vidonda vya tumbo." "Ana minyoo huyo." Basi mtu anakwenda duka la dawa, ananunua dawa ya minyoo, anameza, anasubiri. Harufu iko palepale. Anarudi kununua dawa ya vidonda vya tumbo, na harufu iko palepale. Wapo wanaoishia kwa mganga wakiamini wametupiwa kitu. Simlaumu hata mmoja wao, kwa sababu hawajapata wa kuwaeleza vinginevyo. Kinachoniuma ni kwamba fedha inakwisha na miaka inapita wakitibu tumbo lisilo na tatizo.

Kwa walio wengi, harufu inatoka kinywani kwenyewe. Chuo Kikuu cha Leuven nchini Ubelgiji kina kliniki ya watu wenye tatizo hili, na mwaka 2009 Marc Quirynen na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 2,000 waliopita hapo. Katika kila wagonjwa 100, chanzo kilikuwa kinywani kwa 76. Utando wa ulimi peke yake ulihusika kwa 43, ugonjwa wa fizi peke yake kwa 11, na vyote viwili kwa pamoja kwa 18. Waliokutwa na chanzo tumboni walikuwa wachache mno. Sababu yake ni rahisi kueleweka: umio hukaa umejifunga, na hewa unayoitoa ukizungumza inatoka mapafuni. Harufu ya tumbo hupanda unapobeua, kisha hupita.

Wanaoishi nyuma ya ulimi

Mtu wa kwanza kuandika kwamba kinywani mwetu mna viumbe hai alikuwa mfanyabiashara wa vitambaa wa mji wa Delft, Uholanzi, Antonie van Leeuwenhoek. Mwaka 1683 alikwangua ukoga wa meno yake, akauweka chini ya hadubini aliyoitengeneza kwa mkono wake, akaona vijidudu vikijongea. Akachukua na wa mzee mmoja ambaye hakuwahi kusafisha kinywa maisha yake yote, akakuta humo vijidudu vingi kupita alivyotarajia. Habari hizo alizipeleka kwa barua kwa wanasayansi wa London. Leo aina za bakteria zilizokwisha kutambuliwa kinywani mwa binadamu zimepita 700. Nyingi hazina madhara, na nyingine zinatusaidia.

Zinazotoa harufu zina tabia moja inayozitambulisha: hazipendi hewa. Oksijeni huzidhoofisha au kuziua, kwa hiyo hutafuta mahali isipofika. Kinywani mahali hapo ni chini ya ukingo wa fizi, ndani ya meno yaliyotoboka, katikati ya meno yaliyobanana, na zaidi ya pote, nyuma ya ulimi. Ukitoa ulimi mbele ya kioo unaona ncha yake, laini na nyekundu. Sehemu ya nyuma huioni kwa urahisi, nayo ina vinyweleo vingi vilivyosimama kama zulia la manyoya, na katikati yake hukwama kila kinachopita: chembe za samaki na dagaa, ngozi ya kinywa inayobanduka yenyewe, kamasi linaloteremka kutoka puani usiku. Bakteria hawa wanakula protini, na kila nilichokitaja hapo kina protini.

Aliyeonyesha kinachotokea baada ya mlo huo ni Joseph Tonzetich, mtafiti wa Chuo Kikuu cha British Columbia huko Vancouver, Kanada, katika miaka ya 1960 na 1970. Alipima hewa ya vinywa vya watu kwa mitambo ya kutenganisha gesi, akakuta kwamba harufu mbaya inaletwa hasa na gesi zenye salfa. Mbili ndizo kubwa. Haidrojeni salfaidi ndiyo inayonuka katika mayai viza. Methili mekaptani ina harufu ya kabichi iliyooza. Zinatoka pale bakteria wanapovunjavunja protini zenye salfa ndani yake, na mojawapo ya bakteria hao ni Fusobacterium nucleatum, wengine ni Porphyromonas gingivalis na Treponema denticola wanaojificha chini ya fizi, na Solobacterium moorei anayekutwa sana kwenye ndimi za wenye tatizo hili. Wengine huzalisha pia kadaverini na putresini, kemikali zilezile zinazotoka kwenye nyama inayooza.

Tusiwachanganye hawa na bakteria wanaotoboa meno. Hao wengine wanapenda sukari na wanga, wakila hutoa asidi, na asidi ndiyo inayolila jino. Hapa nchini walichunguzwa mapema: Mecky Matee wa Muhimbili pamoja na wenzake wa Uholanzi walichapisha mwaka 1992 utafiti juu ya bakteria hao kwenye meno ya watoto wa Tanzania waliokuwa bado wananyonya na tayari meno yao yameoza. Kwa hiyo mtu anaweza kuwa na meno meupe, mazima, bila tundu hata moja, na bado mdomo ukanuka, kwa sababu ulimi wake haujawahi kuguswa. Wapo pia wenye meno mabovu ambao pumzi yao haina shida kubwa. Anayejitazama meno kwenye kioo na kuridhika bado hajajua lolote kuhusu harufu yake.

Kinachowadhibiti bakteria hawa mchana kutwa ni mate. Mtu mzima hutoa kati ya nusu lita na lita moja na nusu kwa siku. Mate yanasomba chembe, yanaleta oksijeni, yana kemikali za kuua vijidudu. Tukilala, yanapungua sana, na ndiyo maana hakuna anayeamka pumzi yake inanukia, awe tajiri au maskini. Hali hiyo ya asubuhi si ugonjwa. Huondoka kwa kusafisha kinywa, kunywa maji na kula. Shida ni ile inayobaki saa nne, saa saba, hadi jioni. Mkulima anayetoka alfajiri kwenda kwenye mikorosho au shamba la muhogo bila kunywa maji mpaka mchana anakiacha kinywa chake katika hali ya usiku kwa saa nyingi. Vivyo hivyo anayelala mdomo wazi kwa sababu ya pua iliyoziba, anayevuta sigara, na anayetumia dawa zinazokausha mate.

Hapo linakuja swali la Ramadhani, kwa kuwa Pwani Waislamu ni wengi na kila mwaka linaulizwa. Waumini wanajua Mtume alivyoisifu mbele ya Mwenyezi Mungu harufu ya kinywa cha aliyefunga, na wanajua alivyousisitiza mswaki. Madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya wengi katika mwambao huu, yanaona ni makuruhu kupiga mswaki baada ya jua kupinduka kwa aliyefunga. Hakuna ugomvi hapo na daktari wa meno. Kazi kubwa ya kinywa inaweza kufanyika baada ya daku kabla ya adhana ya alfajiri, na tena baada ya futari: meno, katikati ya meno, kisha ulimi wote hadi nyuma. Aliyekula daku na kurudi kulala bila kusafisha kinywa amewaachia bakteria chakula cha siku nzima, na mate ya kuwazuia ni machache.

Kupiga mswaki hakutoshi

Mwaka 2006 Elifuraha Mumghamba, bingwa wa magonjwa ya fizi wa Muhimbili, pamoja na daktari wa watoto Karim Manji na mwenzao walichapisha utafiti juu ya akina mama vijana hapa nchini. Waliwauliza wanavyosafisha kinywa na kama wanaona pumzi yao ina harufu, kisha wakawachunguza. Karibu wote walisema wanapiga mswaki. Hata hivyo ukoga na ugaga ulikutwa kwa wengi mno, na wapo waliokiri wenyewe kwamba wananuka mdomo. Nauona utafiti huu kuwa wa maana kuliko matangazo yote ya dawa za meno, kwa sababu unaonyesha lilipo pengo letu. Mswaki tunapiga. Tunaupiga mbele, panapoonekana tukicheka.

Jaribu hili nyumbani, halihitaji fedha. Chukua kijiko cha chai kilichooshwa. Kigeuze mgongo juu, toa ulimi nje, kiingize ndani kadiri unavyoweza kuvumilia, kisha kivute taratibu kuja mbele ukikandamiza kidogo. Tazama kilichotoka. Ukiona ute wa njano au wa kijivu, mzito, umewaona bakteria, mabaki ya chakula na ngozi iliyokufa. Subiri sekunde chache, kisha unuse. Harufu hiyo ndiyo wanayoipata wengine ukiwasemesha kwa karibu. Wapo wanaolamba kifundo cha mkono na kunusa. Njia hiyo inapima ncha ya ulimi, ambayo mara nyingi ni safi, na inaweza kukupa faraja ya uongo.

Kijiko hichohicho ni tiba. Kwangua mara 4 au 5 kutoka nyuma kuja mbele, ukikisuuza kila mara, asubuhi kabla ya chai na usiku kabla ya kulala. Ukitaka kutapika, toa ulimi zaidi na pumua kwa kutoa hewa nje. Baada ya siku chache koo huzoea. Usikwangue mpaka damu, wala usitumie majivu, mchanga au mkaa. Vitu hivyo vinachubua ulimi na kula uso wa jino ambao hauoti tena.

Wenye kutumia mti wasiutupe. Mswaki wa mti umetunza meno ya watu wa mwambao kwa karne nyingi, na Shirika la Afya Duniani lilihimiza matumizi yake mwaka 1986 pale unapopatikana na kuzoeleka. Upungufu wake ni kwamba unafika vizuri mbele, na kwa taabu upande wa ndani wa magego. Unahitaji subira: tafuna ncha mpaka iwe laini, badilisha upande, ingia ndani. Kijiti kibichi kikishamaliza kazi hiyo kinaweza kupasuliwa katikati kwa urefu, kikapindwa, kikawa kikwangulio cha ulimi.

Pipi za mnanaa, karafuu na jojo vinafunika harufu kwa muda mfupi. Jojo isiyo na sukari angalau inaongeza mate. Zipo dawa za kusukutua zenye zinki, ambayo inazinasa gesi za salfa, na zenye klorheksidini, inayoua bakteria, ila hiyo ya pili inapaka meno rangi ikitumika muda mrefu. Anayezitegemea hizo bila kugusa ulimi na fizi atazinunua maisha yake yote.

Fizi ndizo zinazonitia hofu zaidi. Ukipiga mswaki ukaona damu, huo ni ugonjwa umeanza. Wengi wakiona damu wanaacha kusugua sehemu ile wakidhani wanaiumiza, na hapo bakteria wanapata nafasi ya kuzama. Ukoga usipoondolewa hukauka ukawa ugaga, mgumu kama jiwe, na hapo mswaki hauna nguvu tena; unatakiwa mkono wa mtaalamu na chuma chake. Chini ya ugaga hufunguka mifuko kati ya fizi na jino, isiyofikiwa na hewa, yenye damu na usaha. Ndipo harufu inapokuwa nzito kuliko ile ya ulimi. Ikiendelea, mfupa unalika na jino zima, lisilo na tundu, linalegea na kung'oka. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya mwaka 2022 ilikadiria kwamba watu zaidi ya bilioni 1 duniani wana ugonjwa mkali wa fizi. Mwenye kisukari aliangalie hili kwa makini zaidi, maana sukari ikiwa juu fizi huharibika haraka, na fizi mbovu zinaifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa.

Mtu wa Kurui akiambiwa amwone mtaalamu, anapaswa kusafiri. Zahanati za vijijini hazina kiti cha meno. Huduma hiyo kwa kawaida iko hospitali ya wilaya na kwenye baadhi ya vituo vya afya. Nauli ya kwenda na kurudi pamoja na siku ya kazi iliyopotea vinamfanya mtu asubiri mpaka maumivu yamshinde, na akifika jino halina la kufanya ila kung'olewa. Hivyo ndivyo wanakijiji wengi walivyozoea kumjua daktari wa meno: mtu wa kung'oa. Kwenda kwake kusafishwa ugaga, wakati hakuna kinachouma, bado ni jambo geni.

Halikupasa kuwa hivyo, na Tanzania yenyewe ilishatoa mfano. Mafunzo ya shahada ya udaktari wa meno yalianza Muhimbili mwaka 1979. Katikati ya miaka ya 1980, Mholanzi Jo Frencken na wenzake wa hapo walikuwa wakitafuta namna ya kuwatibu watu wa vijijini kusiko na umeme. Wakaanza kusafisha jino lililooza kwa vyuma vya mkono tu na kuliziba kwa saruji ya meno. Njia hiyo ilienea, na Aprili 7, 1994, Siku ya Afya Duniani, Shirika la Afya Duniani liliitangaza rasmi kwa nchi nyingine. Ilizaliwa hapa kwa ajili ya vijiji kama vya Kurui. Kusafisha ugaga nako kunawezekana kwa vyuma vya mkono, kwenye benchi chini ya mwembe, mgonjwa akiwa ameegemeza kichwa.

Si kila harufu ni ya ulimi au fizi. Mtoto mwenye harufu kali inayotoka tundu moja la pua, pamoja na kamasi la upande huohuo, apelekwe zahanati haraka: mara nyingi kuna punje ya mahindi, haragwe au shanga aliyoiingiza puani mwenyewe. Mafindofindo yenye mashimo hukusanya vijiwe vyeupe vinavyonuka. Pumzi yenye harufu tamu ya matunda yaliyoiva kupita kiasi kwa mtu mwenye kiu na anayekojoa mara kwa mara ni dalili ya kisukari kilichopanda, na ni dharura. Wapo pia wasionuka kabisa. Katika wale 2,000 wa Leuven, karibu 16 katika kila 100 hawakuwa na harufu yoyote iliyoweza kupatikana, lakini walikuwa wakiishi kwa hofu. Neno moja la dhihaka shuleni linaweza kumweka mtu katika hali hiyo miaka mingi.

Nani amwambie?

Tunao watu wa kazi hii tangu zamani. Katika Uzaramo kungwi humfundisha mwali usafi wa mwili bila kuficha kitu, na jandoni wavulana huambiwa ambayo baba hawezi kuyatamka. Bibi na mjukuu wana utani wao, na bibi anaweza kusema, "Njoo mjukuu wangu, toa ulimi nikuone." Mke na mume wanaweza kuambiana chumbani, kwa upole, na kijiko kikiwa tayari mkononi. Ulimi uingie katika mafunzo hayo, na uingie darasani na madrasa pia, kwa sababu mtoto aliyezoea kuukwangua akiwa na miaka 7 hataacha akiwa na 40. Kwa rafiki, mwite pembeni, mwambie peke yake: "Ndugu yangu, mdomo wako unatoa harufu, nadhani ni ulimi au fizi, na inatibika." Atanyamaza kidogo. Baadaye atashukuru.

Machi 20 kila mwaka ni Siku ya Afya ya Kinywa na Meno Duniani, na kwa kawaida wataalamu hupima watu bure mijini. Naiomba Halmashauri ya Wilaya ya Kisarawe na wataalamu wake wa kinywa na meno wailete siku hiyo Kurui, waje na vyuma vya mkono vya kuondolea ugaga, na wakae si chini ya siku 3. Wewe unayesoma usingoje Machi. Anza leo usiku na kijiko. Ukifanya kwa wiki 2 na fizi bado zinatoa damu, au harufu haijapungua, nenda hospitali ya wilaya, na ukifika useme wazi: sikuja kung'oa, nimekuja kusafishwa.